Sindano, Chungwa na Jaa

Historia ya Mkokotoni imeandikwa kwa taka. Msinicheke, wasomaji wenzangu. Waliofukua pale ufukweni, mkabala na Tumbatu, waliokota vigae vya vyombo na shanga za kioo, na kwa vigae hivyo ndipo tukajua kuwa karne nyingi nyuma wenyeji wa hapo walifanya biashara na watu wa mbali. Wazee wale walitupa udongo na kioo. Atakayefukua jaa letu sisi atakutana na bomba la sindano la plastiki, huenda akalidhani hirizi.

Bomba hilo nalo lina historia yake. Zamani lilikuwa la kioo, likichemshwa na kutumika tena. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yakawa bure, madaktari wa Kichina wakaja mwaka huo huo, na spitali ya Mnazi Mmoja ikapewa jina la V.I. Lenin. Muuguzi wa zama hizo alifunzwa kuchemsha kabla ya kufunzwa kuchoma.

Wapo wanaoitamani sufuria ile, ati zamani hakukuwa na taka. Hapo mie nawakatalia. Kuchemsha kunataka maji, moto na saa, na foleni ikirefuka mkono hufanya haraka. Sindano isiyochemka sawasawa huhamisha homa ya ini kutoka mtu hadi mtu. Ukimwi ulipobainika Zanzibar mwaka 1986, khofu ikaingia majumbani, na nani wa kumlaumu aliyeikataa sindano ya sufuria? Mwaka 1999 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko kwamba ifikapo mwisho wa 2003 chanjo zote zichomwe kwa bomba linalojifunga lenyewe baada ya kutumika mara moja. Ni jambo jema khasa. Ila kila chanjo ikaacha plastiki nyuma yake.

Plastiki ikabidi ichomwe. Tanuri dogo la matofali lililobuniwa De Montfort University, Uingereza, likaenea nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kulijenga ni rahisi, lakini moto wake ukizorota, baadhi ya plastiki hutoa dioksini, sumu inayotajwa katika Mkataba wa Stockholm wa 2001. Ndipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikashirikiana na UNDP kutengeneza mitambo ya bei nafuu ya kuua vijidudu kwa mvuke badala ya kuchoma.

Sasa sikilizeni. WHO hiyo hiyo inasema kiasi cha asilimia 85 ya taka za matibabu ni taka za kawaida tu, kama za nyumbani. Kwa nini basi zinaishia tanurini? Zimechanganywa! Karatasi ya kufungia bomba ikitumbukia penye pamba yenye damu, nayo huhesabiwa na damu. Kuchanganya ni tabia, na tabia hiyo hupatikana darasani.

Mwanafunzi wa uuguzi hujifunza kuchoma kwa chungwa, kwani ganda lake huikinza ncha kidogo kama ngozi. Anavuta maji, anachoma, anatupa. Bomba lile halikugusa mtu. Linaweza kutumika wiki nzima kwa chungwa jengine, mradi liandikwe kwa wino "la mazoezi", lifungiwe kabati lake na lisivuke mlango wa wodi hata kwa bahati mbaya. Ncha ikishaisha kazi iende kwenye kasha la usalama, na kasha likifika robo tatu lifungwe. Kwa ncha hakuna kubana matumizi.

Glavu nazo. Kupima presha ya mtu mwenye ngozi nzima hakutaki glavu, kunataka mikono iliyooshwa. London, katika spitali ya Great Ormond Street, walianza mwaka 2018 kuwafunza wafanyakazi wao jambo hilo tu, na katika mwaka mmoja waliepuka tani 21 za plastiki. Hawakununua mtambo wowote.

Chuo cha Sayansi za Afya Mbweni kilianza 1989 na leo ni sehemu ya SUZA. Anayefunzwa Mbweni huenda kesho akapangiwa Kivunge, spitali wanayokimbilia watu wa Mkokotoni wakizidiwa. Atakwenda na mkono ule ule aliozoea kutupia darasani, na huko jaa liko karibu na bahari.