Hadithi za Radhi ya Wazazi katika Picha za Kijapani

Neno la Kijapani kō, ambalo kwa Kiswahili twaweza kulieleza kuwa ni kuwatunza wazazi na kutafuta radhi yao, huandikwa kwa alama moja iliyotoka Uchina. Sehemu yake ya juu ni alama ya uzee, na ya chini ni alama ya mtoto. Basi mzee yu juu, na mtoto yu chini yake, kana kwamba amembeba. Aifahamuye alama hii amekwisha kufahamu nusu ya mambo tutakayoyaeleza.

Zamani za utawala wa Wamongoli katika Uchina, uliokoma mwaka 1368, zilikusanywa hadithi 24 za watu waliosifiwa kwa kuwaheshimu wazazi wao. Mapokeo humtaja Guo Jujing kuwa ndiye aliyezikusanya. Hadithi hizo zilivuka bahari, nao Wajapani wakazipenda hata wakawafundishia watoto wao. Humo mna habari za Meng Zong, ambaye mama yake mgonjwa alitamani machipukizi ya mwanzi wakati wa baridi kali. Akaenda kulia kati ya mianzi, na machipukizi yakatokeza. Hata leo Wajapani huuita mwanzi mmoja mkubwa kwa jina lake. Wang Xiang alilala juu ya barafu ili ampatie mama wa kambo samaki. Na Wu Meng alijitoa aumwe na mbu, wazazi wake wapate usingizi.

Hadithi hizi zilienea sana kwa picha. Mchoraji alichora juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika juu ya ubao wa mcheri, akachonga kwa kuifuata. Kisha mpiga chapa akapaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua. Tangu mwaka 1765 picha za rangi nyingi zilienea, na kwa kawaida kila rangi ilikuwa na ubao wake. Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka 1861, alizichora hadithi hizo zaidi ya mara moja, na katika nyingine alitia vivuli kwa namna ya Wazungu. Serikali ya ukoo wa Tokugawa nayo haikuzichukia. Mwaka 1842 ilikataza picha za waigizaji na za wanawake wa nyumba za anasa, bali picha za maadili zilikuwa halali. Maana amtiiye baba nyumbani huonekana kuwa tayari kumtii mtawala.

Lakini iko hadithi moja iliyowasumbua wengi. Guo Ju alikuwa maskini, na mama yake alikuwa akimgawia mjukuu chakula chake kichache. Guo Ju akamwambia mkewe ya kuwa mtoto mwingine aweza kuzaliwa, bali mama mwingine hapatikani. Akaenda kuchimba shimo amzike mtoto. Jembe likafukua chungu cha dhahabu. Katika picha, mume ameshika jembe, dhahabu inang'aa, na mke amempakata mtoto.

Wajapani hawakuyapokea mambo haya yote kwa macho yaliyofumbwa. Mwaka 1686 Ihara Saikaku aliyageuza, akatoa hadithi 20 za watoto wasio na adabu kwa wazazi. Fukuzawa Yukichi, katika kitabu alichokitoa sehemu kwa sehemu kati ya 1872 na 1876, alizikemea hadithi hizi waziwazi. Na huko Uchina zilikotoka, Lu Xun aliandika mwaka 1926 ya kuwa utotoni, baada ya kuiona picha ya Guo Ju, aliogopa baba yake asije akatamani kuwa mwana mwema kama huyo.

Waswahili husema, radhi ni bora kuliko mali. Lakini hapa mali ndiyo iliyomwokoa mtoto asizikwe kwa ajili ya radhi. Hata msimulizi wa kale hakuthubutu kuliacha jembe limalize kazi yake. Basi mwalimu aionyeshaye picha hii na akumbuke ya kuwa macho ya mzee humtazama Guo Ju, bali macho ya mwanafunzi humtazama yule aliyepakatwa.