Gitaa la Chuck Berry na Haki ya Mtunzi

Katika mji wa Washington, Marekani, limo jumba la makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lililofunguliwa tarehe 24 Septemba 2016. Miongoni mwa hazina zake ni gitaa la umeme la Chuck Berry, lililotengenezwa na kampuni ya Gibson. Mwenyewe alilipa jina la Maybellene. Jina hilo si pambo tu. Limebeba kisa kinachostahili kujulikana na kila afundishaye fasihi.

Berry alizaliwa St. Louis tarehe 18 Oktoba 1926. Mwezi wa Mei 1955 alikwenda Chicago, na huko Muddy Waters, bingwa wa muziki wa bluzi, akamwelekeza kwa kampuni ya santuri ya Chess. Mwezi huohuo akarekodi "Maybellene", wimbo uliochipuka kutokana na "Ida Red", wimbo wa zamani wa wapiga fidla wa mashambani. Berry aliutungia maneno mapya, kisa cha mwanamume amfuataye kwa gari mpenzi wake asiye mwaminifu.

Gitaa la kawaida lilikuwa likimezwa na ngoma na tarumbeta. Katika gitaa la umeme, sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba huupokea mtetemo wa nyuzi za chuma na kuugeuza kuwa umeme, kisha kikuza sauti huurudisha kuwa mlio mkubwa. Hivyo mpiga gitaa aliweza kutoka nyuma ya bendi na kujibizana na mwimbaji. Berry aliitumia nafasi hiyo kwa ustadi, na wapigaji wengi wa roki waliomfuata walijifunza kwake.

Wimbo ule ulishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard ya ridhimu na bluzi, na ya tano katika orodha ya jumla. Lakini katika hati za utunzi yaliingizwa majina mengine mawili: la Alan Freed, mtangazaji maarufu wa redio, na la Russ Fratto. Hawa hawakutunga lolote. Ila aliyetajwa kuwa mtunzi alipata fungu la malipo, na mtangazaji mwenye fungu alikuwa na sababu ya kuipiga santuri mara kwa mara. Ilipita miaka 31 hata Berry akatambuliwa kuwa mtunzi pekee, mwaka 1986.

Mwaka huohuo, filamu ya maisha yake ilipopigwa, Berry aliliingiza gari lake jekundu aina ya Cadillac jukwaani katika ukumbi wa Fox, St. Louis. Ni ukumbi uleule ambao utotoni yeye na baba yake walizuiwa kuingia kwa sababu ya rangi yao. Gari hilo nalo limo katika jumba lile la Washington.

Berry alifariki tarehe 18 Machi 2017, akiwa na umri wa miaka 90. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi walimu, tunapowasomea wanafunzi shairi au wimbo, tusianze na mizani wala vina kabla ya kutaja ni nani aliyeutunga. Makumbusho huhifadhi gitaa. Kulihifadhi jina la mtunzi ni kazi yetu darasani.