Yule Mrusi wa Vibloku Alilipwa Lini?

Jana usiku nilijiambia nacheza raundi moja tu halafu nalala. Mnajua hiyo hadithi huishia wapi. Saa nane bado nilikuwa nasukuma vibloku kwa simu, betri imebaki asilimia 6, mamangu akapita koridoni akauliza, "Kwani hiyo simu mmeoana?" Sikumjibu. Nilikuwa nangojea kipande kimoja kirefu kiingie pembeni.

Huu mchezo hauna adui, hauna stori. Unaletewa vipande, unavipanga, mstari ukijaa unapotea, unaletewa vingine. Na bado unakula bandozi na usingizi. Sisi tuliolelewa mtaani tulianza zamani, na kale kagemu ka plastiki ka betri mbili. Kwenye boksi waliandika kuna michezo 9999 ndani, kumbe ni ile ile kama kumi hivi, imebadilishwa spidi. Nyumbani tulikuwa nako kamoja, watoto watatu. Sheria ilikuwa ukikufa unapeana. Brathe yangu mkubwa hakuwahi kukubali kwamba amekufa.

Sasa badala ya kulala, nikaanza kusoma huu mchezo ulitoka wapi. Hapo ndipo usingizi uliisha kabisa.

Mwaka ni 1984, mji ni Moscow. Alexey Pajitnov ameajiriwa na kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Usovieti, na kazi yake ni mambo kama kufundisha mashine kutambua sauti ya binadamu. Lakini jamaa anapenda mafumbo. Kuna moja la vipande 12, kila kimoja kimeundwa kwa miraba mitano, unavipanga vyote viingie ndani ya boksi. Hesabu za maumbo ya aina hiyo zilikuwa zimepewa jina na Mmarekani Solomon Golomb tangu 1953, akiwa mwanafunzi Harvard. Pajitnov akataka kuviweka kwa kompyuta. Miraba mitano ikaleta maumbo mengi mno, akapunguza hadi minne. Ukihesabu unapata maumbo saba, basi, na ndiyo hayo saba unayoyajua hadi leo.

Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha. Nasema haikuweza kabisa. Ilikuwa inaonyesha herufi na alama tu, kwa hivyo vibloku vya kwanza vilikuwa mabano yaliyopangwa pamoja. Tena mwanzoni skrini ilikuwa inajaa baada ya sekunde chache, mchezo umeisha. Ndipo akagundua kwamba mstari uliojaa hauna kazi tena, uondolewe. Mimi naona hapo ndipo mchezo ulizaliwa. Mengine yote ni vipande vinavyoanguka. Akauita Tetris, kutoka neno la Kigiriki la nne na tenisi, mchezo alioupenda.

Halafu akaja kijana wa shule wa miaka 16, Vadim Gerasimov, aliyesaidia kuuhamisha kwenye kompyuta za IBM na kuutia rangi. Watu wakaanza kunakiliana diski, bure, mkono kwa mkono. Ukafika hadi Hungary, na huko mfanyabiashara mmoja kutoka London, Robert Stein, akauona akanusa pesa. Akawasiliana na Moscow, akajibiwa kwamba wanapenda wazo lake. Kupenda wazo si kutia sahihi, lakini Stein aliuza haki kwa kampuni za Uingereza na Marekani kabla hajapata mkataba kamili. Hizo nazo zikauzia wengine. Kufikia 1988 mchezo uko madukani nchi za Magharibi, na mwenyewe yuko Moscow anaendelea na mshahara wake wa serikali.

Februari 1989 ndiyo sehemu niliyosoma mara tatu. Wanaume watatu wanafika Moscow kwa wakati mmoja: Stein, Kevin Maxwell mtoto wa tajiri wa magazeti, na Henk Rogers, aliyeingia na viza ya utalii akitafuta haki za mashine mpya ya mkononi ya Nintendo. Ofisi ya serikali iliyoshughulikia programu, Elorg, ilikuwa na mzee anaitwa Nikolai Belikov. Rogers akamwonyesha kaseti ya Tetris ya mashine ya kuchezea kwa TV. Belikov akashangaa, kwa sababu wao hawakuwahi kumpa yeyote haki ya kitu kama hicho.

Angalia sasa alichofanya huyo mzee. Alimletea Stein marekebisho ya mkataba, na katikati yake kuna maelezo ya kompyuta ni nini: ina prosesa, skrini, sehemu ya diski, kibodi. Stein akatia sahihi. Kwa sentensi hiyo moja akajifungia nje, kwa sababu mashine ya kuchezea haina kibodi wala diski. Haki za mkononi zikaenda kwa Rogers na Nintendo. Tetris ikauzwa pamoja na Game Boy kule Marekani, na nakala za mashine hiyo zikafika kama milioni 35.

Na Pajitnov? Haki zilikuwa mikononi mwa serikali kwa miaka kumi. Alihamia Marekani 1991, na ni 1996 alipoanza kupata mirabaha, baada ya kuanzisha kampuni na huyo huyo Rogers. Toka 1984, hiyo ni miaka 12. Ukisoma mahojiano yake hana uchungu. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu kwa niaba yake, saa tisa usiku.

Sababu ninayo. Miaka miwili iliyopita biashara fulani, jina naliacha, iliniagiza video tano fupi. Nikalipwa mara moja, nikafurahi sana, nikatia sahihi nikiwa ndani ya matatu. Video moja ilivuma. Wakaitumia kwa matangazo, wakaikata, wakabadilisha sauti yangu. Nilipouliza, nikatumiwa picha ya sahihi yangu. Na si kwamba walivunja sheria. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001, kazi uliyoagizwa kuifanya inahesabiwa kwamba haki zake zimehamia kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Sikujua. Wasee wengi wanaotengeneza video hapa hawajui, na wateja wetu wanajua vizuri sana.

Kwa hivyo watu wakiniambia Pajitnov alinyimwa haki kwa sababu ya ukomunisti, mimi huwa nacheka kidogo. Hapa Nairobi hatuna Elorg. Tuna PDF inayotumwa Ijumaa jioni na ujumbe, "sign haraka tukulipe Monday."

Asubuhi ya leo kuna moja imenifikia, kurasa nne. Nimetafuta mahali wameandika maana ya neno "maudhui". Wameweka "na kila kitakachotokana nayo". Nimewaandikia waitoe hiyo, na bado hawajajibu. Nikisubiri nimecheza raundi tatu.