Neno "Ufunguo" na Usomaji wa Muziki Ulioandikwa Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri wa vitabu vya muziki huyatumia bila kusita, neno "ufunguo" lastahili kuchunguzwa kwanza. Mwalimu wa kwaya akisoma kwamba wimbo fulani uko katika "ufunguo wa G", hawezi kujua kwa yakini ameambiwa nini. Huenda anaelezwa habari ya ile alama yenye mzingo ichorwayo mwanzoni mwa mistari mitano, kuonyesha kwamba mstari wa pili toka chini ni mahali pa sauti G. Huenda pia anaelezwa kwamba do ya wimbo huo ni sauti G. Mambo hayo ni mbalimbali kabisa, kwani wimbo ulioandikwa kwa alama hiyo waweza kuwa na do yake popote. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi mkanganyo huo unavyoweza kuelezwa kwa historia, na mfano wetu ni Mwaya na nchi ya Kyela kwa jumla, mahali ambapo mapokeo mawili ya kuandika muziki yalikutana.

Mwaya ilikuwa bandari ya Ziwa Nyasa iliyohudumia Tukuyu na nchi ya juu, kabla ya Itungi kushika nafasi hiyo. Wamisionari wa Kijerumani, yaani Wamoraviani pamoja na watu wa Misheni ya Berlin, walifika katika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, na wote walipitia njia ya ziwa. Walikuja na utaratibu wa mistari mitano, ambao asili yake ni mistari iliyotumiwa na mtawa Guido wa Arezzo katika karne ya 11. Wamoraviani hasa walikuwa na desturi ya tarumbeta tangu karne ya 18 huko kwao Herrnhut, na mpiga tarumbeta hana budi kusoma mistari.

Vita Kuu ya Kwanza ikageuza mambo. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Waingereza yalivuka mto Songwe na kuiteka nchi hiyo, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Makanisa yao yakawa chini ya uangalizi wa Waskoti wa Misheni ya Livingstonia, iliyokuwa upande wa pili wa ziwa tangu 1875, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Sasa Waskoti walitoka katika nchi ambayo shule na makanisa yake yalikuwa yamezoea solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi. Utaratibu huo ulibuniwa na mwalimu wa kike Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukarekebishwa na kuenezwa na John Curwen tangu miaka ya 1840.

Sababu ya solfa kupendwa na misheni yaeleweka upesi. Haihitaji mashine maalumu ya kuchapa: herufi saba d, r, m, f, s, l, t na alama za uandishi za kawaida zatosha. Mwalimu mwenye chaki na ubao anaweza kuandika wimbo wenye sauti nne bila kuchora mstari hata mmoja. Hata jina la sauti ya saba lilibadilishwa likaanza kwa t badala ya s, ili lisigongane na so.

Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa na mwalimu wa lugha. Mtoto aliyefundishwa kwamba nukta ni mwisho wa sentensi na mkato ni pumziko fupi, akifungua kitabu cha solfa hukuta alama zile zile zikifanya kazi nyingine. Mstari wima hutangulia pigo lenye nguvu. Nukta mbili hutangulia pigo hafifu. Nukta moja hugawa pigo nusu kwa nusu, na mkato huligawa robo. Kistari humwambia mwimbaji aendelee na sauti aliyo nayo. Bali nafasi iliyoachwa wazi humwambia anyamaze, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa katika maandishi ya kawaida nafasi haina maana yoyote. Kijistari kidogo juu ya herufi huipandisha kwenye safu ya juu, na kikiwa chini huishusha. Majina ya alama hizo tunayo. Tunachokosa ni maelezo yanayokubaliwa na wote kuhusu kazi zake katika muziki.

Asiyeithamini solfa na akumbuke wimbo wetu wa taifa. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule karibu na Johannesburg, alitunga ule wimbo mwaka 1897, na nyimbo zake aliziandika kwa solfa katika daftari. Lahani hiyo ndiyo iliyochukuliwa na Tanganyika mwaka 1961.

Kwa Mnyakyusa palikuwa na nafuu ambayo majirani wengi hawakuipata. Kinyakyusa, kama Kiswahili, ni lugha ya Kibantu isiyo na toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Lahani ya Kizungu haiwezi kugeuza maana ya neno kwa kulipandisha au kulishusha, kama inavyoweza kutokea katika Kichaga au Kizulu. Hata hivyo, ikiwa pigo lenye nguvu litaangukia silabi ya mwisho, neno hupotoka masikioni. Mfasiri wa nyimbo anayehesabu silabi tu, asiangalie ule mstari wima wa solfa, hufanya nusu ya kazi.

Turudi kwenye "ufunguo". Mjerumani ana neno lenye maana ya ufunguo kwa ile alama ya mwanzo wa mistari, na ana neno lingine kabisa kwa mahali pa do. Mwingereza aliiazima alama hiyo na jina lake la Kifaransa, ambalo nalo maana yake ni ufunguo. Kisha neno lake mwenyewe la ufunguo akalitumia kwa mahali pa do. Mfasiri anayefuata kila kitabu neno kwa neno ataandika "ufunguo" kote, na hatakuwa amekosa tafsiri, ila atakuwa amempoteza msomaji. Zaidi ya hayo, herufi B katika kitabu cha Kijerumani ni nusu sauti chini ya B ya Kiingereza, kwani hiyo ya Kiingereza Mjerumani huiita H. Mpiga tarumbeta na mpiga kinanda waliofunzwa kwa vitabu viwili hivyo hawataafikiana hata kidogo.

Pendekezo letu ni kwamba "ufunguo" libaki kuwa jina la alama ya mwanzo wa mistari mitano peke yake, na kwa ile maana ya pili tuseme "makao ya do". Basi wimbo utaandikwa "Makao ya do: G", na mwimbaji wa solfa, ambaye hana mistari wala alama ya kuitangulia, ataelewa mara moja. Vilevile yafaa "nota" liwe jina la alama iliyoandikwa, na "sauti" liwe la kile kinachosikika. Ingawa "sauti ya kwanza", "ya pili", "ya tatu" na "ya nne" katika kwaya zimekwisha kuzoeleka mno, nasi hatuoni faida ya kuzigusa.