Saa ya cheche, ku mukono wa chofere

Wenzetu waliosoma udaktari wanajua mvunjiko mmoja wa mfupa wa mkono, karibu na kiganja, upande wa kidole gumba. Kwa Kifaransa unaitwa mvunjiko wa chofere. Chofere anaingia wapi humo? Mimi jibu nililipata mu historia ya moteri.

Tuchukue Ford Model TT, kamiyo ya toni moja iliyotoka mwaka 1917 na moteri ileile ya Model T. Chini ya usukani kulikuwa vijiti viwili: cha kuume cha kuongeza mwendo, cha kushoto cha kuamua cheche ya buji ipige saa gani. Chofere mwenyewe njo aliamua!

Petroli haiwaki yote mara moja. Moto unahitaji muda wa kusambaa. Tuseme sehemu 2 za 1,000 za sekunde. Moteri ikizunguka mara 500 kwa dakika, mu muda huo imegeuka digrii 6. Ikizunguka mara 1,500, digrii 18. Basi cheche inabidi itangulie pistoni kufika juu, na mwendo ukipanda itangulie zaidi. Hiyo njo avansi.

Lakini kuwasha kwa manivele, mkono unazungusha polepole sana. Ukisahau kijiti chini, ku avansi, moto unarudisha pistoni nyuma kabla haijafika juu, na manivele inakurudilia kwa nguvu yote. Mfupa unavunjika. Demareri ya umeme, ambayo Cadillac iliweka mu magari yake ya 1912, wengi wanaihesabu kuwa starehe tu. Mimi naiweka pia mu historia ya afya. Model T iliingoja mpaka 1919.

Supape nazo ziko na saa yazo. Mhimili unaozifungua unazunguka mara 1 wakati ule wa pistoni unazunguka mara 2. Ford alitumia gia. Wengine walichukua shene. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, alikuwa ametengeneza shene ya roli tangu 1880, na mwaka 1895 ile isiyopiga kelele. Shene, kabla ya kukatika, inaregea kidogo kidogo: supape zinachelewa. Na kwa moteri nyingi za zamani distribita ya cheche ilizungushwa na mhimili huohuo wa supape, basi cheche nayo inachelewa. Fundi anarekebisha avansi leo, kesho ugonjwa umerudi.

Baadaye vizito vidogo na springi ndani ya distribita vilichukua kazi ya kile kijiti. Kamiyo kubwa tunazoziona leo ku barabara, karibu zote ni za mazutu: hazina cheche hata kidogo. Saa inayotafutwa humo ni ile ya kunyunyiza mazutu, na mara nyingi inaongozwa na gia, si shene.