Ufilipino, nchi ambako sheria haijui talaka

Ukiiondoa Vatikani, makao makuu ya Kanisa Katoliki yenye wakazi mia kadhaa tu, Ufilipino ndiyo nchi pekee duniani ambayo sheria zake haziruhusu talaka kwa raia walio wengi. Wanandoa Wakristo wakishindwana huko wanaweza kuishi mbalimbali na hata kugawana mali kwa amri ya mahakama, lakini mbele ya serikali wanabaki mume na mke hadi mmoja wao afariki.

Sensa ya mwaka wa 2020 ilionyesha kwamba karibu asilimia 79 ya Wafilipino ni Wakatoliki. Kwa hivyo wengi hudhani kwamba marufuku hiyo ni ya tangu jadi. Historia inasema vingine. Kabla ya Wahispania kuvitwaa visiwa hivyo katika karne ya 16, jamii nyingi za huko zilikuwa na taratibu zao za kuachana. Wahispania ndio walioleta sheria ya Kanisa, iliyokubali kutengana pasipo kuoa wala kuolewa tena. Wamarekani waliowafuata walipitisha sheria ya talaka mwaka wa 1917, ingawa ilikuwa finyu: mke aliachwa kwa uzinzi na mume kwa kuweka kimada, na ilikuwa sharti kosa lithibitishwe kwanza kwa hukumu ya jinai. Chini ya utawala wa Wajapani, mwaka wa 1943, sababu za talaka ziliongezwa zikafika 11. Vita vilipogeuka, sheria ya 1917 ikarejeshwa. Talaka ilifutwa na sheria mpya ya kiraia iliyoanza kutumika mwaka wa 1950, miaka minne tu baada ya uhuru.

Sheria ya Familia ya mwaka wa 1987, iliyotiwa saini na Rais Corazon Aquino, iliendeleza marufuku hiyo lakini ikafungua mlango wa uani. Kifungu cha 36 kinasema kwamba ndoa ni batili ikiwa mmoja wa wahusika, siku ile ya kufunga ndoa, hakuwa na uwezo wa kinafsi wa kutimiza wajibu wa ndoa. Hapa ndipo penye utata wenyewe. Mahakama haiulizwi kama ndoa imekufa. Inaulizwa kama iliwahi kuzaliwa. Mke aliyeishi vyema na mumewe miaka mitano, kisha mume akageuka mlevi na mpigaji, hana budi kuonyesha kwamba ulevi na ukatili huo mizizi yake ilikuwapo tangu siku ya harusi. Kipigo chenyewe, hata kikirudiwa mara ngapi, kinampa haki ya kutengana kisheria tu, na aliyetengana hawezi kuolewa tena.

Mwaka wa 1997 Mahakama ya Juu iliweka masharti makali ya kutumia kifungu hicho, na kwa miaka mingi kesi zikategemea ripoti za wataalamu wa saikolojia. Mwaka wa 2021 mahakama hiyo hiyo ililegeza kamba: ikaamua kwamba kutokuwa na uwezo huko si lazima kuwe maradhi, na kwamba ushahidi wa mtaalamu si sharti. Hata hivyo kesi bado ni ndefu na ada za mawakili ni mzigo ambao mvuvi au mfanyakazi wa kiwandani hauwezi. Isitoshe, sheria inamtaka kiongozi wa mashtaka ahakikishe kwamba mume na mke hawakula njama. Wawili wakiafikiana kuachana kwa amani, maafikiano hayo ndiyo yanayoweza kuwaharibia kesi!

Wasio na uwezo hufanya kinachofanywa na maskini kila mahali ambako sheria imewapita kando: huondoka, wakaanza maisha na mwingine bila cheti. Gharama yake si aibu peke yake. Kwa sheria ya jinai, mke aliye na mwanamume mwingine ana kosa la uzinzi, ambalo kifungo chake kinaweza kufika miaka sita. Mume hatiwi hatiani ila akimweka kimada katika nyumba ya ndoa, akiishi naye kinyumba kwingineko, au akikutana naye kwa namna ya kuleta fedheha. Watoto wa maskani hiyo ya pili nao huhesabiwa kuwa wa nje ya ndoa, na fungu lao la urithi lililolindwa kisheria ni nusu ya lile la mtoto wa ndoa.

Kuna raia ambao marufuku hiyo haiwagusi. Waislamu, ambao ni takribani asilimia sita ya watu wote, waliwekewa sheria yao ya familia mwaka wa 1977 wakati wa Rais Ferdinand Marcos, nayo inatambua talaka, khului na fasikhi mbele ya mahakama za sharia, mambo ambayo msomaji aliyezoea mahakama za kadhi hapa Kenya hatayaona mageni. Mfilipino aliyeoana na mgeni naye anaweza kuoa au kuolewa tena iwapo talaka imepatikana ng'ambo na mahakama ya nyumbani ikaitambua. Tangu uamuzi wa mwaka wa 2018, hata kama aliyeidai talaka hiyo ni Mfilipino mwenyewe. Kwa hivyo anayefungwa kabisa ni Mkristo aliyeoana na mwananchi mwenzake.

Maaskofu wa Ufilipino wanapinga mabadiliko, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Kwao ndoa ni sakramenti, na katiba ya mwaka wa 1987 yenyewe inaitaja kuwa taasisi isiyovunjwa ambayo serikali inapaswa kuilinda. Wanaonya pia kwamba talaka itawapa wanaume wenye fedha njia rahisi ya kuwatupa wake waliozeeka nao. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito, ila wanaume hao tayari wanaondoka, na mke anayeachwa bila talaka hubaki amefungwa kwa mtu asiyerudi.

Nchi nyingine za Kikatoliki zilipitia ubishi huo huo. Italia ilihalalisha talaka mwaka wa 1970, Ireland ikaikubali kwa kura ya maoni ya mwaka wa 1995 kwa tofauti ya kura 9,000 hivi, Chile ikafuata mwaka wa 2004 na Malta mwaka wa 2011. Kenya, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya watu wake ni Wakristo, ina Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inayomruhusu aliyefunga ndoa ya Kikristo kudai talaka kwa uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, upotovu uliokithiri, au ndoa kuharibika kiasi cha kutotengenezeka. Kanisa Katoliki hapa halikulazimika kubadili mafundisho yake: cheti cha talaka cha mahakama hakimruhusu mtu kufunga ndoa nyingine kanisani.

Mjini Manila, Bunge la Wawakilishi lilipitisha mswada wa talaka mwaka wa 2018 ukakwama katika Seneti. Mei 2024 lilipitisha mwingine, kwa kura 131 dhidi ya 109. Mwasilishaji wake mkuu, mbunge Edcel Lagman, alisisitiza kwamba haukuwa wa talaka ya harakaharaka, kwani mwombaji angelazimika kuthibitisha sababu mbele ya hakimu. Lagman alifariki Januari 2025, na mwezi Juni kikao cha bunge kikamalizika Seneti ikiwa haijaupigia kura. Kwa kanuni za bunge hilo, mswada usiokamilika hufa pamoja na kikao, na anayeutaka hana budi kuanza upya katika mabunge yote mawili.