Kufuli Moja la Linux, na Miaka 15 ya Kuliondoa

Umewahi kujiuliza kwa nini kompyuta yenye prosesa nne haifanyi kazi kwa kasi mara nne? Sehemu ya jibu ni kufuli.

Turudi Juni 1996. Linux 2.0 ilitoka ikiwa na uwezo wa kutumia prosesa zaidi ya moja. Shida ni kwamba prosesa mbili zikigusa foleni moja ya pakiti za mtandao kwa wakati mmoja, foleni inaharibika na mfumo mzima unaweza kuanguka. Dawa ya haraka ikawa kufuli moja kubwa la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ni kama nyumba ya kupanga yenye choo kimoja na ufunguo mmoja: aliyeingia kaingia, wengine mnasubiri nje.

Aprili 1999 usubirifu huo ukaonekana hadharani. Kampuni ya Mindcraft, kwa malipo ya Microsoft, ilipima seva yenye prosesa nne na kadi nne za mtandao. Kwenye kuhudumia kurasa za wavuti, Windows NT ilikuwa na kasi mara 3.7 ya Linux. Watu wa Linux wakalalamika kuwa wameonewa. Upimaji ukarudiwa, na bado Linux ikashindwa. Sababu mojawapo: msimbo wake wa mtandao uliendeshwa kwa sehemu kubwa na prosesa moja tu kwa wakati.

Toleo 2.4 la Januari 2001 likaweka makufuli madogo mengi kwenye mtandao. Kasi ikaja, na ugonjwa wake. Fuatilia hapa: kazi fulani imeshika kufuli la foleni. Kabla haijaachia, pakiti inaingia, na prosesa ileile inaacha kila kitu ikaipokee. Kazi mpya nayo inataka kufuli lilelile, basi inasubiri. Lakini mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka kazi mpya iishe! Mashine inaganda.

Tiba mara nyingi ni neno moja: badala ya spin_lock unaandika spin_lock_bh, inayozuia kazi hizo za mtandao zisikatize kwenye prosesa hiyo hadi kufuli liachiwe. Kasheshe ni kujua pa kuliandika, maana kosa lenyewe linaweza kujificha miezi mingi.

Ndiyo maana mwaka 2006 Ingo Molnar akaleta lockdep, ndani ya toleo 2.6.18. Chombo hiki kinakumbuka kila kufuli lilichukuliwa katika hali gani na kwa mpangilio upi. Kikiona njia mbili zisizopatana, hata kama hazijawahi kukutana, kinatoa onyo. Huhitaji kusubiri ajali.

Kufuli kubwa lenyewe liliondoka kabisa Mei 2011, toleo 2.6.39. Miaka 15! Si uzembe. Kila lilipotolewa, ilibidi mtu agundue kwanza lilikuwa linalinda nini hasa. Basi nawe unayeandika programu, ukiweka kufuli, andika pembeni linalinda nini. Atakayekuja kulifungua huenda hutakuwepo kumweleza.